Amana ya Muuguzi: Jawabu kwa Binti Aliyeuliza

 

Imetufikia barua ya binti mmoja, mwanafunzi wa darsa yetu ya Alkhamisi upande wa wanawake, ambaye sasa ni muuguzi katika hospitali moja ya pwani hii. Jina lake hatulitaji, wala hospitali yake hatuitaji, kwani makusudio yetu si kumuumbua mtu. Baada ya maamkizi na heshima, binti aeleza kwamba yeye ni mgeni katika kazi, hata mwaka hajatimiza. Kwamba zamu ya usiku hupangwa pamoja na dada mkubwa, Mwislamu mwenzake, mwenye kuswali na kufunga Sunna. Na kwamba dada huyo humwamuru, alfajiri ikikaribia, azijaze chati za wagonjwa, yaani joto, mpigo wa mshipa, pumzi na presha, kwa saa ambazo hakuna mgonjwa hata mmoja aliyepimwa. Humwambia atazame hesabu za jioni, hii aipandishe kidogo, ile aishushe kidogo, mambo yaishe. Binti alipositasita aliambiwa maneno mawili. La kwanza, kuwa hakuna aliyedhurika. La pili, kuwa Mwislamu humsitiri Mwislamu mwenziwe. Sasa auliza: akinyamaza ana dhambi? Na akisema, atakuwa amesengenya?

Ewe binti yangu, umeuliza suala ambalo wazee wengi hawaliulizi. Nami kabla ya kukujibu nitakiri jambo langu, lakini acha kwanza tulifahamu hilo lenyewe unaloamrishwa.

Watu wetu wakisikia nidhamu ya uuguzi hudhani ni nguo iliyopigwa pasi, kiatu kilichong'arishwa, kuwahi zamu, na kumwitika metroni kwa adabu. Hayo yote ni mema, na asiyeyaweza haya madogo sijui atayaweza vipi makubwa. Walakini muuguzi aweza kuwa na yote hayo na bado akawa khaini. Zamani hapa kwetu kuuguza ilikuwa kazi ya mama na dada. Mtu akiugua, wa damu yake hukaa kitandani pake usiku kucha, akamgusa paji la uso, akasikiliza anavyopumua. Leo tumeitoa kazi hiyo mikononi mwetu tukamkabidhi binti wa watu, kwa ujira, na mlango wa wodi ukafungwa saa za kutazama wagonjwa zikiisha. Wanazuoni wa fiqhi wamesema kuwa aliyeajiriwa ni mwaminiwa juu ya alichokabidhiwa. Hatozwi kwa lisilo katika uwezo wake, bali hutozwa akivuka mpaka au akizembea. Ikiwa hivyo ndivyo kwa fundi aliyepewa kitambaa ashone, yakuwaje kwa aliyepewa roho ya mtu?

Na ile chati iliyotundikwa mguuni pa kitanda ni nini? Ni ushahidi. Daktari hakuwapo usiku. Huja asubuhi, wagonjwa ni wengi, husimama kitandani dakika chache, akasoma, akaamuru: huyu aende nyumbani, huyu aongezewe maji, huyu apelekwe chumba cha upasuaji. Haoni usiku ila kwa jicho la muuguzi. Chukua mfano wa mwanamke aliyejifungua. Wakunga husomeshwa kuwa damu ikishatoka nusu lita baada ya uzazi hapo ni khatari, na kuwa mama aweza kupotea kwa muda wa saa chache tu akiwa kalala kimya, jirani zake wakidhani amechoka. Aghlabu mshipa hutangulia kwenda mbio kabla presha haijaanguka. Yaani mwili wenyewe hupiga mbiu mapema, iwapo yuko wa kuisikiliza. Basi ikiwa hesabu iliyoandikwa ya saa nane za usiku ni ile ya saa mbili iliyopandishwa moja na kushushwa moja, mbiu hiyo imezibwa mdomo. Na pumzi nayo, ambayo nasikia ndiyo inayodanganywa kuliko zote, haihesabiki ila kwa kusimama dakika nzima ukiutazama ubavu wa mgonjwa ukipanda na kushuka. Ni rahisi kuandika ishirini.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani haikuteremka juu ya swala wala Hija, imeteremka juu ya kuandika deni. Humo Mwenyezi Mungu ameamrisha mwandishi aandike kwa uadilifu, asikatae kuandika kama alivyofunzwa na Mola wake, na mdaiwa asipunguze chochote. Na aya inayofuata imekataza kuficha ushahidi, na ikahisabu kuwa anayeuficha moyo wake una dhambi. Hiyo ni kwa dirhamu na tende za kukopeshana. Na Bwana Mtume (S.A.W.) alipokuwa akiyataja madhambi makubwa alikuwa ameegemea, alipofika kwenye ushahidi wa uwongo aliinuka akakaa, akawa akilikariri neno hilo mpaka sahaba wakatamani lau angenyamaza kwa kumhurumia. Basi aliyekaa mezani alfajiri na kalamu, akaandika kuwa mshipa wa fulani ulipiga themanini na minane saa nane za usiku, naye hakuushika, atuambie amefanya nini kama si hilo.

Na wala tusidhani kuwa chati ni jambo la Wazungu lililoletwa na meli. Katika vitabu vya hisba, kama kile cha Al-Shayzari aliyekuwa zama za Sultani Salahuddin, imeandikwa kuwa tabibu akimwingilia mgonjwa amuulize ugonjwa wake, aandike aliyoyaambiwa na aliyoyaamuru, awape jamaa wa mgonjwa nakala. Kesho yake aandike tena, na keshokutwa tena, mpaka mgonjwa apone au afe. Akifa, jamaa huzichukua nakala hizo kwa mkuu wa matabibu, naye huzisoma. Akiona kazi ilitendeka sawa, huwaambia ajali yake imefika. Akiona palikuwa na uzembe, huwaambia wakadai dia kwa yule tabibu. Tazama basi: miaka zaidi ya mia nane iliyopita karatasi ya mgonjwa ilikuwa ni shahidi mbele ya hakimu. Leo hapa Kenya tuna Baraza la Wauguzi na sheria yake, Sura ya 257, ya mwaka wa 1983, na jina la muuguzi laweza kuondolewa daftarini kwa utovu wa mwenendo. Jambo ni lile lile, mavazi ndiyo yamebadilika.

Sasa lile langu. Miaka kadha nyuma marehemu mama yangu alilazwa, nami nikaruhusiwa kukaa naye usiku kwa kuwa alikuwa hatambui watu vyema. Sikulala, nilikuwa na juzuu zangu nasoma. Tangu saa nne za usiku hadi adhana ya Alfajiri hakuja mtu kitandani pale. Asubuhi nilipoisoma chati nikaona amepimwa mara mbili, saa nane na saa kumi na mbili, hesabu nzuri zilizopangika kama shanga. Muuguzi aliyeziandika nilimjua, ni binti wa mtaani petu, akanisalimia kwa heshima, akaniambia, "Shekhe, tuombee dua." Nami nikamwombea dua. Sikusema neno. Mimi ninayepanda mimbari nikawasomea watu khabari za amana, niliona haya ya mtoto wa jirani kuliko kumwonea haya Mola wangu. Mama alitoka hospitali, akaishi miaka mitatu baadaye. Hakudhurika. Na hilo ndilo lililonitia khofu zaidi kila nilipolikumbuka, kwa sababu binti yule alijifunza usiku ule kuwa jambo hili halina madhara, na mwalimu wake nilikuwa mimi. Wa kitanda cha pili mwezi uliofuata sijui alikuwa nani.

Kwa hivyo neno la "hakuna aliyedhurika" jawabu yake ni hiyo. Nyumba nyingi huachwa wazi usiku na mwizi asije. Mlinzi aliyelala hasemi kuwa amelinda.

Nanyi mwaijua khabari ya yule msichana wa Madina katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (R.A.). Mama yake alimwamuru achanganye maziwa na maji, msichana akamkumbusha kuwa Khalifa amekataza. Mama akasema Umar hatuoni sasa, na msichana akajibu kuwa ikiwa Umar hawaoni, Mola wa Umar awaona. Wanahistoria wamesimulia kuwa Umar aliyasikia hayo akizunguka usiku, akamwoza msichana huyo kwa mwanawe Asim, na katika kizazi chake akatoka Umar bin Abdul-Aziz. Watu huisimulia kwa ajili ya maziwa. Mimi nataka mtazame aliyeamuru na aliyekataa. Aliyeamuru alikuwa mkubwa, tena mama mzazi mwenye haki ya kutiiwa, na aliyekataa alikuwa mdogo. Naye hakumvunjia mama yake heshima. Hakupiga kelele wala hakumtoa nje kwa majirani. Alikataa tu kuyatia maji yale. Kumtii mkubwa katika wodi ni nidhamu, na kazi haiendi bila hiyo. Walakini utii una mpaka, na mpaka wake ni pale kiumbe anapoamuru kumwasi Muumba.

Tuje kwenye sitara, kwani hapo ndipo ulipofungwa mdomo. Ni kweli dini yetu imehimiza kumsitiri Mwislamu, na fadhila zake ni kubwa. Lakini katika wodi sitara hiyo ni ya nani kwanza? Ni ya mgonjwa. Yeye ndiye aliyevuliwa nguo zake, akaonekana mwili wake, ikajulikana maradhi yake na pengine na mambo ya nyumbani kwake. Mafakihi wamemwamrisha anayemkosha maiti ayafiche aliyoyaona; basi aliye hai ambaye bado ana uso wa kuonea haya ana haki hiyo zaidi. Muuguzi anayetoka zamu akaenda kusimulia arusini kuwa mke wa fulani ana maradhi fulani, huyo ndiye mvunja sitara. (Na jambo hili, nasema kwa masikitiko, lipo sana hapa mjini, na wala si kwa wauguzi pekee, wafagizi, walinzi na sisi tunaokwenda kutazama wagonjwa hatujambo kwa kubeba khabari.) Ama kumfichia mtu kosa ambalo dhara yake yamwangukia mtu wa tatu aliyelala hana khabari, hiyo haiitwi sitara. Kumsitiri mwizi wakati mkono wake ungalimo mfukoni mwa mwenziwe ni kumshikia taa.

Imam Nawawi, ambaye vitabu vyake twavisoma katika darsa zetu, ametaja mambo sita ambayo kwa ajili yake yajuzu kumtaja mtu kwa asilolipenda. Miongoni mwayo ni kutaka msaada wa kuondoa ovu kwa yule mwenye uwezo wa kuliondoa, kutaka fatwa, na kuwatahadharisha Waislamu na shari. Barua yako kwangu ni kutaka fatwa, nawe kwa kutomtaja jina umefanya vizuri zaidi. Na kumpelekea khabari mkubwa wa wodi ni kutaka ovu liondoke. Kumsimulia shoga yako chaini, hata kama yote uliyosema ni kweli, ni kusengenya. Jambo ni moja na maneno ni yale yale, ila mlango uliopitia ndio mbalimbali.

Walakini nisije nikaonekana ninawapiga mawe wauguzi kutoka mahali pa salama. Najua wodi zetu. Najua wauguzi wawili huachiwa wagonjwa arubaini, na huku mmoja anatapika, mwengine dripu imetoka, wa tatu anakata roho, na glavu zimekwisha tangu jana. Mwaka wa 2017 wauguzi wa serikali waligoma nchi nzima tangu mwezi wa Juni hadi Novemba, na walioumia zaidi walikuwa maskini wasio na pesa ya hospitali za kulipia. Wako masheikh waliowalaumu wauguzi peke yao, mimi naona aliyetia sahihi ahadi kisha asiitimize naye ana sehemu yake kubwa ya lawama, kwani Mtume (S.A.W.) ametuhimiza mwajiriwa alipwe kabla jasho lake halijakauka. Sasa fikiri, binti yangu. Ikiwa mgonjwa alipasa kupimwa mara tatu usiku nanyi mkaweza mara moja kwa uchache wenu, kosa hilo si lenu mbele ya Mungu, kwani Yeye haikalifishi nafsi ila uwezo wake. Acha pale pahali peupe, uandike sababu: hakupimwa saa nane, wauguzi wawili, dharura kitanda fulani. Nafasi ile nyeupe ni mashtaka. Yeyote atakayekagua ataiona, na aliyetakiwa kuleta muuguzi wa tatu hatapata la kusema. Lakini mkiijaza kwa uwongo, mmemwandikia mkubwa huyo hati ya kuonyesha kuwa wawili watosha. Mmeuficha uchache wenu kwa kalamu yenu wenyewe, kisha mwalalamika kuwa hamwonekani. Sijui kama dada yako mkubwa amelifikiri hili. Mwambie, labda litamwingia kuliko aya ninazozitaja mimi, kwani pengine yeye si mtu mbaya, ni mtu aliyechoka miaka mingi.

Basi nakujibu kwa uwazi. Usiandike usilolipima, hiyo ni haramu, na amri ya mkubwa haiihalalishi. Lililopimwa andika kama lilivyo, hata likikuaibisha. Kisha zungumza na dada huyo faraghani, kwa heshima ya mkubwa, si mbele ya wagonjwa wala katikati ya zamu akiwa na hasira. Mpe muda. Akiendelea, mwambie kuwa utamwarifu mkubwa wa wodi, ili isiwe umemzunguka nyuma. Kisha mwarifu kweli. Wala usingoje wiki mbili ikiwa usiku huo huo yuko mgonjwa unayemwona yumo khatarini. Huyo mpime wewe, umwite daktari, na hizo adabu za kuzungumza zitafuata baadaye. Sheikh Izzuddin bin Abdis-Salam, imamu mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, amesema kuwa anayemwona mtu anazama naye yumo katika Swala atangulize kumwokoa, kwani Swala hulipika. Na aliyefunga Ramadhani ikiwa hawezi kumwokoa azamaye ila kwa kufungua, afungue. Ikiwa faridha husogezwa kwa ajili ya roho, basi uso wa dada mkubwa pia utasogezwa.

Na utofautishe kukosea na kukhini. Utakosea, binti yangu. Utampa huyu dawa ya yule siku moja, pamoja na yote mliyofunzwa ya kuhakikisha mgonjwa, dawa, kiasi, saa na njia ya kuipitisha. Siku hiyo nenda mwenyewe ukaseme, saa ile ile, kabla dawa haijafanya kazi yake mwilini. Namjua muuguzi mmoja mwanamume aliyefanya hivyo. Alionywa kwa barua, akaaibika, na mgonjwa akawahiwa. Lau angaliificha chupa tungalimsifu mpaka leo kwa rekodi safi. Kadhalika kabati la dawa kali, lile ambalo daftari lake hutiwa sahihi na watu wawili: sahihi ya pili si ya kumfurahisha wa kwanza. Usitie sahihi usilolihesabu kwa macho yako.

Ama zawadi, nitasema kidogo tu. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu kukusanya Zaka, aliporudi akasema hiki chenu na hiki nimezawadiwa, Mtume akapanda mimbari akauliza, lau angekaa nyumbani kwa babake na mamake angeletewa zawadi hiyo? Muuguzi naye ajiulize hivyo kila anapotiwa noti mkononi ili kitanda cha fulani kitangulizwe. Nasi tunaotia noti hizo tusijitie usafi, aliyetoa na aliyepokea wamo pamoja.

Tena kuna neno letu sisi jamaa za wagonjwa. Tunaingia wodini kumi kwa mara moja, tunamwita muuguzi kwa kumpigia vidole, tunamtukana kwa kosa la serikali. Kisha baadhi yetu, na hawa ni wale wanaojiona wana dini zaidi, wakatazao binti zao kusomea uuguzi, ndio wa kwanza kulalamika kuwa mke wake kahudumiwa na mwanamume. Utamtoa wapi mwanamke wa kumhudumia mkeo ikiwa kila baba amemfungia binti yake? Rufaida wa kabila la Aslam alikuwa na hema lake katika msikiti wa Mtume mjini Madina, akitibu majeruhi. Saad bin Muadh alipopigwa mshale katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 wa Hijra, Mtume aliamrisha awekwe katika hema hilo, apate kumtazama kwa karibu. Akawa akipita kwake asubuhi na jioni akimuuliza hali yake. Ummu Atiyya naye alitoka katika vita saba, akiwapikia askari na kuwauguza wagonjwa. Hawa hawakutoka nyumbani kinyume cha dini.

Binti yangu, suala lako la pili, la kuziswali Swala mbili pamoja ukiwa umeshikwa katika chumba cha upasuaji, linataka maelezo yake, nalo tutaliandika katika toleo lijalo, inshallah. Na dada yako mkubwa akitaka kuja kuzungumza nasi, mlango wa darsa ya Alkhamisi uko wazi baada ya Alasiri. Nyuma ya pazia hakuna atakayemjua. Nami ningependa kumweleza ana kwa ana khabari ya mama yangu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam.